Kumi na Nane kwa Penseli

Solmaz, vua miwani, iweke hapo kaunta,
nikupime huku ukinirudia
ulichonong'ona mlangoni, ukikung'uta theluji mabegani:
kwamba mwezi ujao unaikata.

Mimi si daktari. Ni fundi miwani wa Tabriz,
miaka thelathini na moja nakaa na watu pua na mdomo,
na hakuna aijuaye pua kama anayeipandisha mzigo.
Yako ina kigongo; fremu hutulia juu yake
kama paka ukutani, haitelezi, haiombi kushikwa.
Kioo cha bafuni hakikukuambia hilo.

Sitakuzuia. Binamu yako Aydan alizuiwa na ukoo mzima
akaenda, akarudi, na kusema kweli alipendeza.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda:
wiki ya pili alikuja hapa, zambarau chini ya macho,
plasta puani kama stempu ya bahasha,
akitaka nimning'inizie miwani kwa uzi kwenye paji la uso,
maana mfupa uliovunjwa haubebi hata gramu ishirini,
si wiki ile, si mwezi ule.
Sokoni alisomewa bei na wapita njia.

Basi uliza. Usianze na bei kama anayenunua zulia.
Muulize: umekata ngapi, na ngapi ulizirudia?
Gegedu likipungua atalitoa wapi,
sikioni au ubavuni, na ubavu utauma hadi lini?
Nani atakulaza usingizi,
na huyo naye ana jina mlangoni?
Akikuonyesha uso wako mpya kwenye kompyuta,
kumbuka ile ni picha. Picha haivimbi.
Akisema wiki mbili, cheka kidogo:
ncha ya pua huchukua mwaka ikitafuta pa kukaa,
asubuhi nene, jioni nyembamba,
nawe ukiikodolea kama mtu anayepima unga wa kukopa.

Utalala chali, mito mitatu. Utapumua kwa mdomo.
Chai itakuwa maji ya moto yenye rangi.
Harufu hurudi, wanasema; kwa Aydan ilirudi.
Kwa Janpolad muuza ngozi haikurudi yote:
gundi anaisikia, mkate hausikii.
Ikikutokea puani, Solmaz, haitakuwa msemo.

Unanitazama.
"Usta, wewe hukuitwa kasuku
miaka sita, dawati la nyuma."

Kweli, sikuitwa. Rula inabaki hewani.

Na huyo aliyekuita, nauliza,
mkikutana barabarani mwakani, unataka akujue?
"Nataka anipite," unasema. "Anipite kama ukuta."

Haya. Nimeuza miwani miaka yote hii
nikidhani kila mtu anataka kuonwa.

Lete uso. Daftari langu lina pua elfu kadhaa,
milimita kwa milimita, kwa wino,
na nyingi hazipo tena mjini, zimebaki karatasini tu.
Ya mke wangu imo: ishirini na moja.
Alirudi na kumi na sita, mwaka paa la duka lilipovuja,
na anaifurahia hadi leo.
Ila usiku kidole changu bado kinapanda
kilima kisichokuwepo.
Simwambii.

Chukua fremu hii, nyepesi, vishikio vyake vinapindika.
Usilipe yote leo. Utarudi niirekebishe,
ukienda, usipoenda.
Tulia. Usicheke.
Kumi na nane.

Naandika kwa penseli.